Mkaguzi Asiyegusa Mchele

Alizaliwa wapi, baba yake nani, kabila lake lipi, hayo kaulize wengine. Mimi nilifanya naye kazi miaka mingi kwenye mashine ya mpunga pale Mpanda na sikuwahi kujua. Kila nikitaka kumuuliza habari za kwao, alikuwa ananielekezea kile kidude chake cha kupima joto kwenye paji la uso, anasoma namba, halafu ananiambia niko sawa, nirudi kazini. Mtu akishakwambia uko sawa, utamuuliza nini tena?

Tulimwita Mkaguzi. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Bosi wetu, mama mmoja mkimya mwenye kupenda vitenge vya gharama, alimwajiri kufunga mikanda ya mashine na kupaka grisi. Lakini kuna watu ukiwapa spana wanaomba ofisi. Haukupita muda akawa na koti jeupe, kalamu mfukoni, na kile kidude kinachofanana na bastola kikining'inia kiunoni. Wakulima wageni walikuwa wanamwamkia kwa hofu. Mmoja kutoka Kasekese aliweka chini baiskeli yake na kunyoosha mikono juu, akidhani amekamatwa.

Ile bastola ilikuwa ya kazi, tusimwonee. Unaielekeza kwenye beringi inayozunguka, inakwambia joto lake bila wewe kusogeza kidole. Beringi ikianza kuchemka unaizima mashine kabla haijafa. Kazi nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba beringi zilikuwa chache na Mkaguzi alikuwa na siku nzima. Akipima beringi zikaisha, anapima chai. Anapima mgongo wa mbuzi aliyepita. Anapima kiti kabla ya kukaa. Siku moja kwenye msiba wa jirani alisimama mbele ya sufuria ya ugali, watu wametulia wanasubiri mchungaji aombee chakula, yeye akalenga, akasoma, akatangaza kwamba bado ni wa moto, tusubiri kidogo. Mchungaji akasubiri. Nakwambia kweli, mchungaji mzima alifumbua macho akasubiri ugali upoe kwa amri ya fundi wa grisi.

Na huo ugali aliula kwa kijiko.

Hapo ndipo watu walipoanza kumtilia shaka. Huku kwetu mtu akila ugali kwa kijiko tunafikiri anaumwa vidole. Lakini Mkaguzi alikuwa na imani yake, na imani hiyo ilikuwa moja tu: mkono ni mwongo. Mkono una jasho, una grisi, una usingizi, una ndugu. Chombo kinachopima bila kugusa hakina mambo hayo. "Jicho la mashine halina shemeji," ndivyo alivyokuwa akisema, na akishasema alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama vile msemo huo ameusikia kwa mtu mwingine mwenye hekima.

Hata kusalimiana ilikuwa shida. Watu wetu wengi pale mashineni ni wa kutoka makazi ya Katumba, na mtu wa kule akikusalimia anakusalimia kweli. Anakushika mkono, anakushika na kiwiko, anakuuliza nyumbani, watoto, mvua, mahindi, na wakati wote huo mkono hajauachia. Unaweza kuzeeka hapo. Mkaguzi akiona salamu ya namna hiyo inakuja alikuwa anarudi nyuma hatua kadhaa na kupunga mkono kwa mbali, kama mtu aliyeko ng'ambo ya mto. Mama Esta, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa kupepeta, alisema huyu baba hatusalimii, anatuhesabu.

Sasa niseme kuhusu hao wanawake, maana bila wao huyu Mkaguzi asingekuwa na habari ya kusimulia.

Kabla ya mambo ya kamera, mchele ukishakobolewa ulikuwa unapelekwa kwenye mikeka nyuma ya stoo. Pale walikaa Mama Esta na wenzake na nyungo zao. Wanapepeta, wanachambua punje nyeusi, punje za njano, vijiwe, na mwisho Mama Esta anasema huu ni daraja la kwanza au la pili. Akishasema imeisha. Walikuwa wanaimba, wanasengenya, wananitania mimi kwa sababu nilikuwa mbeba magunia pekee anayepumzika kabla ya kubeba. Mama Esta alikuwa ananiita msomi. Nilimwambia niliishia kidato cha pili. Akasema ndiyo maana, waliomaliza hawachoki mapema hivi.

Lakini nisiwapambe. Nyungo zao zilikuwa na ndugu. Mkulima aliyejua kusalimia vizuri, anayetoka kwa kina fulani, anayesali kanisa lao, mchele wake ulikuwa na bahati ya kuonekana mweupe. Anayekuja peke yake kutoka mbali, hana wa kumjua, mchele wake ulikuwa wa pili hata kama unang'aa kama meno ya mtoto. Kila mtu alijua. Mkaguzi ndiye peke yake aliyekereka. Alikereka vibaya sana, mpaka alipomwona mzee mmoja wa Kibaoni akipakia mchele wake mzuri kwa bei ya mchele mbaya bila kusema neno, alikwenda kujifungia kwenye chumba cha swichi. Mimi nilifikiri amepigwa shoti.

Ndipo akaanza kumsumbua Bosi habari za mashine ya kamera. Alimsumbua asubuhi, akamsumbua mchana, akamsumbua kanisani wakati wa kutoa sadaka. Mwisho Bosi akanunua, nadhani ili apate kusali.

Mashine yenyewe, kwa aliyesoma kama mimi, inaeleweka hivi. Mchele unamwagwa juu. Unateremka kwenye vibati vya mteremko, punje zinajipanga zenyewe kama wanafunzi siku mkaguzi wa kweli anapokuja. Zikifika chini zinapita mbele ya taa kali na kamera. Kamera inaangalia kila punje ikiwa inaanguka. Ikiona nyeusi, au ya njano, au kijiwe, bomba dogo la hewa linapuliza, pu, ile punje inaruka pembeni. Nzuri zinaendelea na safari. Hakuna mkono. Hakuna ungo. Ukisimama karibu unasikia pu pu pu pu kama mvua inayoanza kwenye bati.

Siku ya kwanza kuiwasha Mkaguzi alivaa tai. Alitusimamisha wote tuangalie. Mchele mchafu uliingia na mchele safi ukatoka, na ni haki kusema kwamba tulinyamaza, maana ulikuwa msafi kuliko tulivyowahi kuuona. Alimwaga kidogo kwenye sinia, akamwonyesha Bosi, hakuugusa. Halafu akageuka kwa Mama Esta na wenzake, na bila kupunguza sauti akasema nafasi ya mikeka sasa itahitajika kwa magunia.

Mama Esta hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kukunja kitenge vizuri kabla ya kusema.

"Baba," alisema, "siku mashine yako ikipitisha uchafu, itakuwaje?"

"Haipitishi."

"Nimekuuliza ikipitisha."

Pale angeweza kucheka tu. Mimi ningecheka. Lakini alikuwa mbele ya Bosi, mbele ya wakulima, na tai shingoni. Tai inafanya mtu ajibu maswali ambayo hakulazimika kujibu.

"Mashine hii ikipitisha uchafu," alisema, "mimi natoka na nyie mnarudi."

Mama Esta akamgeukia Bosi. Bosi akaitikia kwa kichwa. Ikawa hivyo, sote tukiwa mashahidi. Wanawake wakachukua nyungo zao wakaenda. Baadhi walirudi mashambani, Mama Esta akaanza kukaanga maandazi barabarani mbele ya geti letu, mahali ambapo angeweza kuona kila gunia linaloingia na kila gunia linalotoka. Mkaguzi alikuwa ananunua maandazi yake kila asubuhi. Alikuwa anayapima kwanza.

Nami nilibaki, kwa sababu mashine ya kamera bado ilihitaji mtu wa kuinua gunia na kumwaga. Chombo cha kuinua gunia bila kuligusa bado hakijafika Mpanda.

Baada ya hapo Mkaguzi hakuzuilika. Alifunga jicho jingine kwenye mkanda unaopitisha viroba. Kiroba kikipita kinakata mwanga, jicho linahesabu. Jioni unasoma jumla. Kuna siku jumla ilikuja kubwa kuliko mpunga wote ulioingia wiki hiyo. Mkaguzi alitafuta viroba hivyo stoo, akatafuta juu ya lori, akataka kumwita mwenyekiti wa mtaa. Kumbe mimi baada ya chakula cha mchana hupenda kuegemea ule mkanda, na ninapocheka tumbo langu hutikisika mbele ya lile jicho. Siku hiyo nilikuwa nimechekeshwa sana. Nilipokiri alinitazama muda mrefu, akasema chombo hakijakosea, kilihesabu kilichopita. Kwenye ubao aliniandika kama viroba vya majaribio.

Usifikiri alikuwa mtu wa kupendelea. Hapo ndipo ninaposhindwa kumcheka vizuri. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alileta mpunga uliolowa mvua, mchele ukatoka na punje za njano tele. Mashine ikatupa karibu nusu. Shemeji akaomba mashine ilegezwe kidogo, maana inawezekana, kuna kitufe cha kuifanya isiwe na jicho kali. Mkaguzi akakataa. Shemeji akamkumbusha nani alimpunguzia mahari. Mkaguzi akasema anakumbuka, na anashukuru, na mchele ni daraja la pili. Mkewe hakumpikia kwa siku kadhaa. Tulijua kwa sababu alianza kununua maandazi mengi, na hakuyapima.

Na huyo huyo mtu wa haki, nyumbani kwake mkewe alikuwa anachambua mchele kwa mkono. Niliwahi kwenda kumpelekea funguo, nikamkuta Mkaguzi mwenyewe amekaa na ungo mapajani, anamsaidia mkewe, anatoa vijiwe kimoja kimoja kwa vidole, tena kwa kasi. Aliponiona aliufunika kwa kanga. Nikajifanya sikuona. Yeye akajifanya hakufunika. Kumbe zamani alivunja jino kwa kijiwe cha mchele na hakuiamini hata mashine yake mwenyewe ikifika habari ya mdomo wake. Mchele wa watu aliuachia kamera. Wake aliuachia vidole.

Sasa nije kwenye mpunga wa Ikola.

Ikola ni kando ya Ziwa Tanganyika, na kule biashara ni dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi, maana dagaa hawaifuati taa. Basi mwezi ukiwa mkubwa zile turubai za kuanikia dagaa zinakaa bure pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, safi, pana, zimetandazwa juani. Mkulima mmoja wa upande ule alivuna mpunga wakati wa mwezi mkubwa. Utamlaumu? Turubai ziko wazi, jua lipo, rafiki yake mvuvi amesema anika tu. Akaanika. Mpunga ukakauka vizuri sana. Kipima unyevu cha Mkaguzi, ambacho nacho kinafanya kazi kwa mwanga tu, kiliusifu.

Mimi ndiye niliyefungua gunia la kwanza. Nikasimama. Nikamwita.

"Mzee, huu mpunga unanuka dagaa."

Akasogea, hakuinama. Akaniuliza mchana nimekula nini. Nilikuwa nimekula dagaa. Akaniuliza jana yake. Dagaa. Akaniambia hapo sasa tumeshajua harufu inatoka wapi, akaondoka. Na mimi nilikubali. Ndiyo ubaya wa kusoma mpaka kidato cha pili, unaweza kuielewa hoja lakini huwezi kuijibu. Nikanusa shati langu, nikamwaga mpunga.

Ukakobolewa, ukapita kwenye kamera. Kamera haikupuliza karibu kitu. Mchele mweupe, mrefu, hauna doa. Mkaguzi alisema tangu aijue mashine hiyo hajawahi kuisikia ikiwa kimya namna ile. Aliuita mchele wa mfano. Siku zilizofuata paka walianza kuja. Kwanza mmoja, akakaa getini. Halafu wengine, kutoka mitaa ambayo sikujua ina paka. Walikaa mstari mmoja wakiitazama stoo kwa heshima, kama waumini. Mama Esta alikuwa anawatazama wao, anaitazama stoo, anageuza maandazi yake. Mkaguzi alisema paka wamefuata panya, akawapima joto, akaridhika.

Ingeweza kuishia hapo. Mchele ungeuzwa huko mbali, na watu wa mbali wangejua la kufanya. Lakini wiki ile Bosi alikuwa anamwoza binti yake, na Bosi akaagiza achaguliwe mchele bora kuliko yote kwa ajili ya pilau. Mkaguzi alisimamia mwenyewe kupakia mchele wa mfano.

Nilikuwepo harusini. Sitasahau. Sahani zimegawiwa, viongozi wako meza ya mbele, wakwe wametoka Tabora na suti zao. Watu wakainua kijiko cha kwanza wakasita. Halafu nikaona jambo ambalo sijawahi kuona kwenye harusi yoyote. Watu wote wakaanza kufukua pilau. Wanafukua pembeni, wanafukua chini, wanatafuta. Nyama wanaziona, nyama zipo, lakini pua inawaambia kuna dagaa mahali. Mzee mmoja upande wa wakwe aliinua mkono kwa adabu, akauliza kama dagaa zimetolewa kwa meza ya mbele tu au na wao zinakuja. Bosi alikuwa na tabasamu ambalo halikufika popote. Na Mkaguzi, meza ya nyuma, alikuwa ameshika kijiko chake hewani. Kwa mara ya kwanza nilimwona amenusa kitu.

Jumatatu tulikusanyika bila kuitwa. Bosi alikaa kwenye kiti chake mbele ya stoo. Mama Esta alizima jiko lake la maandazi, akaja, akasimama na ungo kwapani. Paka walikuwepo. Mkaguzi alikuja na koti jeupe, hana tai.

Sote tulijua kinachongojwa. Ama yeye atoke na wanawake warudi, ama maneno yake ya siku ile yalikuwa upepo wa yale mabomba.

Bosi ndiye aliyeanza, na alianza kwa upole kuliko tulivyotegemea. Mashine ilimgharimu, na fundi wa kuielewa hakuwa mwingine. Alisema ameambiwa kwamba kamera inaona rangi tu. Haina pua. Basi iliulizwa rangi ikajibu rangi, na ilijibu sawa. Kwa hiyo mashine haijakosea. Akamtazama Mkaguzi, akamwachia nafasi. Hata mimi niliuona mlango ule, na mimi milango huwa naiona baada ya kujigonga. Alichotakiwa kusema ni "ndiyo."

Mkaguzi akatia mkono mfukoni, akatoa funguo.

"Sikusema rangi," alisema mwisho. "Nilisema uchafu. Harufu ya samaki kwenye mchele wa harusi ni uchafu."

"Mzee, fikiri vizuri," Bosi akamwambia.

"Nimefikiri tangu pilau."

Akaweka funguo mezani. Akavua koti, akalikunja. Ile bastola ya joto ilikuwa yake, akaondoka nayo. Bosi akasema haya, akina mama waje wiki ijayo, ataandaa mikeka. Mama Esta akamfuata Mkaguzi mpaka getini. Sikusikia walichoongea. Niliona tu akimfungia maandazi kwenye gazeti, na yeye akiyapokea bila kuyapima.

Nikiri jambo moja la kutuhusu sote. Tulikuwa tumejiandaa kucheka. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mazuri, niliyatunga njia nzima ya kwenda kazini. Hayakupata pa kutokea.

Wiki ijayo ilifika, mikeka haikuandaliwa. Bosi akasema akina mama wasubiri msimu. Msimu ukafika, akasema kuna njia rahisi zaidi. Njia hiyo nilikuwa mimi. Aliniita, akaniambia tangu leo kila gunia likifunguliwa ninuse kwanza. Kama lina harufu, liwekwe pembeni. Kamera ione, mimi ninuse, basi, hakuna haja ya watu wengine. Akaniongezea cheo, sikumbuki jina lake, mke wangu aliniita Pua. Nilifurahi. Mtu aliyebeba magunia maisha yake yote akiambiwa kazi yake sasa ni kuvuta hewa, atakataa kwa sababu gani? Mama Esta aliendelea na maandazi. Hakunisema vibaya. Aliacha tu kuniita msomi.

Nilimwona tena Mkaguzi muda mrefu baadaye. Nilikuwa nimekwenda Ikola na pikipiki yangu kumchukulia mke wangu dagaa wa kuuza, nikamkuta kwenye kibanda cha mabati karibu na mitumbwi, anatengeneza taa za wavuvi. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Mbele yake kuna taa zimefunguliwa matumbo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa ndoo niikalie. Tukazungumza habari za barabara. Halafu, akiwa bado ameinamia nyaya, akauliza kama akina Mama Esta wamekaa upande ule ule wa nyuma ya stoo au Bosi amewahamishia penye kivuli.

Nikamwuliza akina Mama Esta gani.

Aliinua kichwa.

Nikamwambia. Sikuweza kuona namna ya kulizunguka. Nikamwambia hakuna aliyerudi, hata mmoja. Akaniuliza nani basi anaangalia kile ambacho kamera haikioni. Nikamwambia ni mimi, nanusa.

"Wewe."

"Ndiyo mzee. Mimi ndiye pua."

Aliitazama pua yangu kwa makini, na kusema kweli ni pua ya kawaida. Halafu akaanza kufunika zile taa moja moja kwa gunia. Akafunga kibanda. Akaniuliza pikipiki yangu ina mafuta ya kufika Mpanda. Nikamwambia mzee, hayo yameshapita, Bosi hatasikia, na dagaa wangu je. Akasema dagaa watanisubiri, hawana miguu.

Kutoka Ikola mpaka Mpanda ni mbali hata kwa mtu mwenye furaha. Vumbi lilituvika rangi moja. Alikaa nyuma ya pikipiki wima kama mlingoti. Tulipofika getini ilikuwa bado mchana, Mama Esta yupo kwenye jiko lake. Alisimama alipomwona, na Mkaguzi akampita, akaenda moja kwa moja kwa Bosi, ambaye alikuwa anahesabu viroba vikipakiwa.

Bosi akafurahi. Alifikiri mambo yamerudi. Akamwambia karibu mzee, kazi yako ipo, mashine inasumbua, hakuna anayeielewa.

"Sikuja kudai yangu," Mkaguzi akasema. "Nimekuja kudai yao. Tulisema mimi natoka, wao wanaingia. Mimi nilitoka."

"Lakini kazi yenyewe iko wapi? Nina kamera, na nina huyu wa kunusa."

"Ungesema hivyo kabla sijaweka funguo."

Wapakiaji walikuwa wameacha kupakia. Wakulima waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanasikia, na kati yao walikuwepo waliokuwepo siku ile ya tai. Bosi aliona kwamba wanakumbuka. Ni mtu wa biashara, na mkulima anayeona neno la mwenye mashine halina uzito atapeleka mpunga wake mashine nyingine. Alitengeneza kitenge chake begani muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Na huyu nimpeleke wapi?" akauliza mwisho, akaninyooshea kidole.

Sikuwa nimefikiria swali hilo. Njia yote kutoka Ikola nimembeba mtu, nimekwepa mashimo kwa ajili yake, na haikunijia kwamba nimembeba aje aninyang'anye kazi. Nilimtazama nikitegemea aseme neno. Akasema.

"Huyu ana pikipiki."

Mama Esta na wenzake waliingia Alhamisi hiyo. Wananusa, wanapepeta kile kinachobaki baada ya kamera, na gunia la mgeni wanalifungua pamoja, wawili wawili, hilo nalo Mkaguzi aliliweka kama sharti kabla hajakubali kunywa maji. Kazi kwa Bosi hakuitaka. Kesho yake nilimrudisha Ikola, maana nani mwingine angemrudisha, na dagaa wangu walikuwa bado huko.

Nilipomshusha kwenye kibanda chake nikamwambia mzee, umenitoa kazini.

"Ulikuwa umekalia kiti cha mtu," alisema, akaanza kufungua kufuli. Halafu akageuka, akaniuliza narudi Mpanda saa ngapi, kwa sababu pale mwaloni kuna mama amekaa tangu asubuhi na mtoto mgonjwa anatafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Huyo ndiye aliyekuwa abiria wangu wa kwanza.